Siku Wilson Alipojibu

Kiswahili kina utajiri wa maneno kwa yale yanayokifika chombo baharini. Chombo huenda mrama, hupwelewa, hupanda mwamba, huvunjika, huzama, hupotea. Tuna maji kupwa na maji kujaa, tuna bamvua na maji mafu, tuna kusi na kaskazi na matlai. Lakini nikitafuta neno moja tu la mtu aliyetupwa na mawimbi kisiwani akabaki humo peke yake, silipati. Husemwa "aliyevunjikiwa na chombo", au "aliyepwelewa", nalo hilo la pili ni neno la jahazi ambalo tumemwazima binadamu. La karibu zaidi, kwa sikio langu, ni "mkiwa", na neno hilo halina bahari ndani yake hata tone: mkiwa ni mtu asiye na wake, na ukiwa waweza kumpata hata katikati ya soko la Kariakoo.

Nalitaja jambo hili kwa sababu nataka kuzungumza nanyi, wapenzi wa lugha na ushairi, juu ya filamu ambayo jina lake la Kiingereza, Cast Away, limeandikwa kwa maneno mawili badala ya moja. Likiunganishwa lingekuwa jina la mtu, yaani yule tusiye na neno lake. Likitenganishwa linakuwa tendo: kutupwa. Wengi wenu mmeiona. Nami nimeiona mara nyingi, na kila nikiiona nakumbuka kwamba kuna filamu mbili ndani ya mkanda ule mmoja, na kwamba wahakiki waliisifu moja ilhali watu niliokaa nao kwenye magogo ya minazi waliilia nyingine.

Kwa ambao hawakuiona, kisa ni chepesi. Chuck Noland, anayeigizwa na Tom Hanks, ni mfanyakazi wa FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, na maisha yake yote yanaendeshwa na saa. Siku za Krismasi anaitwa kazini ghafla, anaagana na mchumba wake Kelly garini, anapanda ndege ya mizigo, ndege inaanguka Bahari ya Pasifiki. Anatupwa kwenye kisiwa kisicho na mtu na kukaa humo miaka minne. Vifurushi kadhaa vinaletwa na maji. Ndani ya kimojawapo mna mpira wa wavu uliotengenezwa na kampuni ya Wilson. Chuck anajikata mkono akitafuta moto, anautupa mpira kwa hasira, na alama ya kiganja chake chenye damu inageuka uso. Kuanzia hapo ana mwenziwe. Hatimaye anaunda chelezo, anatoka, Wilson anapotelea baharini, Chuck anaokolewa na meli ya mizigo, anarudi nyumbani na kumkuta Kelly ameolewa na ana mtoto.

Filamu ilitoka Desemba 2000, chini ya uongozi wa Robert Zemeckis, ambaye miaka sita kabla alikuwa ametengeneza Forrest Gump pamoja na Hanks huyo huyo. Mwandishi wake, William Broyles, alikwenda kukaa siku kadhaa peke yake ufukweni ili ajue mtu hufanya nini akiwa hana chochote, na inasimuliwa kwamba huko ndiko mpira ulikomjia, umeletwa na maji. Sehemu ya kisiwani ilipigwa Monuriki, kisiwa kidogo cha Fiji. Kisha kazi ilisimamishwa kwa takriban mwaka mzima ili Hanks akonde na kufuga nywele na ndevu, na katika muda huo Zemeckis akatengeneza filamu nyingine nzima kwa kutumia kikosi kile kile.

Wahakiki wengi wa Marekani waliipokea vizuri, ila walichagua cha kupenda. Walichokipenda ni kisiwa. Kule hakuna muziki hata kidogo. Hausikii zumari wala fidla ya kukuambia sasa uhuzunike. Kuna upepo, mawimbi, nazi zinazoanguka usiku, na pumzi za mtu. Muziki wa Alan Silvestri unaanza kusikika pale tu Chuck anapokivuka kizingiti cha mawimbi na kukiacha kisiwa nyuma yake. Walioshughulikia sauti waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na Hanks naye akateuliwa, ingawa mwaka ule tuzo ya mwigizaji ilikwenda kwa Russell Crowe wa Gladiator. Walichokilalamikia ni nchi kavu. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago Sun-Times, alimsifu sana Hanks lakini akaona kisa chenye nguvu kimezungushiwa mambo yasiyohitajika, na kwamba sehemu ya mwisho ni dhaifu. Angependa tujue machache zaidi juu ya Chuck kabla ya ajali, na tusiwe na hakika kama atapona. Na hapo aliwalaumu pia waliotengeneza matangazo ya filamu, yaliyoonyesha mapema kwamba mtu huyu anarudi kwao. Wengine waliudhika kuona nembo ya kampuni ya vifurushi kila upande, wakauliza kama wametazama filamu au tangazo la biashara.

Watazamaji walipiga kura kwa miguu yao. Filamu iliyogharimu dola milioni 90 hivi iliingiza zaidi ya milioni 420 duniani. Lakini hapa pana jambo la kuchekesha: waliohojiwa na CinemaScore wakati wakitoka ukumbini Marekani waliipa alama ya B, ambayo kwa kipimo kile, kinachozoea kumwaga A kama karanga, si sifa ya kujivunia. Walikuja kwa wingi na wakatoka na dukuduku. Na walichokwenda nacho nyumbani ni mpira. Hata leo umwambie mtu "Wilson" kwa sauti ya kuita, atakujibu kwa kucheka au kwa kuhuzunika, na kampuni yenyewe imekuwa ikiuza mipira yenye uso ule mwekundu.

Hayo ni ya huko. Mimi niliiona kwanza Pwani ya Tanzania, katika banda la video la kijiji cha wavuvi kusini mwa Pangani, nilipokwenda likizo kwa shangazi yangu. Ilikuwa wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka gizani, taa zao zikiwavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa hiyo wanaume wote wako bara, wana usingizi uliokwisha na fedha ambazo bado hazijakwisha. Banda linajaa. Jenereta linanguruma nyuma, televisheni imewekwa juu ya meza iliyotandikwa kanga, na kando yake ameketi msimulizi na kipaza sauti chake.

Wasimulizi hawa mnawajua. Tanzania ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika katika kanda zilizosambaa nchi nzima. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanao wengi, na kule kazi hiyo imekuwa fani kamili. Wa kijiji kile hakuwa na kanda wala jina nje ya kata yake. Alisimulia papo kwa papo, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye mzaha wa Kitanga, na Kiingereza chake kilikuwa cha kukisia. Filamu za ngumi alizisimulia mpaka watu wakasimama. Sasa mfikirie kijana huyu, ambaye riziki yake ni maneno, amewekewa filamu ambayo kwa muda wa saa nzima na zaidi mwenyewe mhusika karibu hana la kusema.

Kabla sijafika kwake, niwaeleze kwanza wavuvi, maana wao ndio wahakiki wakali kuliko wote niliowahi kukaa nao. Chuck alipoanza kuipiga nazi kwa jiwe, wakacheka. Alipoendelea kuipiga, wakakasirika. "Kifuo!" mmoja akapaza sauti. "Chomeka kijiti, tengeneza kifuo!" Mtu mzima yuko kwenye kisiwa chenye minazi na hajui kufua nazi, kwao huo haukuwa ubaya wa Chuck bali wa mwandishi. Kwenye moto walimhurumia, kwa sababu kupekecha ni kazi ya kweli, na mzee mmoja akaanza kuwaeleza vijana tofauti ya ulindi na uwimbombo, kipi kinazungushwa na kipi kinalaliwa, maneno ambayo mimi nilikuwa nimeyakuta kwenye kamusi tu na sikutegemea kuyasikia mdomoni mwa mtu. Kisha ikaja kamba. Chuck anapiga hesabu ya kamba anazohitaji kwa chelezo, anachuna magamba ya miti, anafika mahali pa kusokota utepe wa kanda za video. Hapo banda liliangua kicheko kwa sababu nyingine, maana kanda ya msimulizi wetu ilikuwa imeshakwama mara mbili usiku ule. Lakini mzee hakucheka. "Miaka minne," alisema, "na makumbi yote yale." Alikuwa na maana kwamba mtu angeyafukia makumbi pwani, akayaacha yaoze miezi kadhaa, akayaponda, akapata usumba wa kufunga merikebu. Sijasoma hoja hiyo kwa mhakiki yeyote, na ni hoja nzuri.

Msimulizi, kwa upande wake, alikuwa na shida. Dakika kumi za kwanza kisiwani alijaza ukimya kwa maelezo: sasa anatembea, sasa anaangalia juu, sasa ana njaa. Watu wakaanza kupiga miayo. Ndipo mpira ulipopata uso, naye akapata pa kupumulia. Akambatiza "Wilisoni". Na Chuck alipouuliza mpira swali la kwanza, Wilisoni akajibu.

Akajibu kwa sauti nyembamba ya mtu mjanja, mvivu kidogo, anayejua kila kitu na hafanyi chochote. Alimlaumu Chuck kwa upishi wake. Alimuuliza ndevu zile anazifuga za nini. Chuck alipoketi kupiga hesabu za pepo na miezi, Wilisoni alimkosoa akamwambia asubiri kusi. Banda zima likaamka. Kile kilichokuwa ukiwa wa mtu mmoja kikageuka ngonjera: huyu akitoa hoja, yule akipinga, na hadhira ikichukua upande. Waliokuwa wakipiga miayo sasa walikuwa wakimtetea Wilisoni.

Hapa nina msimamo, na miaka yote hii haujabadilika. Kwa kumpa mpira sauti, msimulizi aliivunja filamu mahali ilipokuwa imara. Mpira ule una nguvu kwa sababu haujibu. Chuck anauliza, kisha anangoja, na katika kule kungoja ndimo tunamwona: anajua kwamba hakuna jibu, na anaacha nafasi ya jibu. Mshairi yeyote anaijua nafasi hiyo. Ni kituo katikati ya mshororo, pale ukwapi unapokwisha na utao haujaanza, ambapo msikilizaji hutia pumzi yake mwenyewe. Ukipajaza umemnyang'anya. Katika hilo nawaunga mkono wahakiki wa Marekani kwa moyo wangu wote, na kama wangekuwepo banda lile wangetoka nje wakanunua mihogo.

Lakini mnaikumbuka sehemu ya chelezo. Dhoruba imepita, Chuck amelala kwa uchovu, kamba ya Wilson imelegea na mpira unakwenda na mkondo. Anaamka, anajitosa, anaogelea, kamba ya chelezo haifiki. Inabidi achague, naye anarudi kwenye chelezo akilia na kuomba msamaha. Katika filamu yenyewe, mpira unaelea kimya mpaka hauonekani. Katika banda letu Wilisoni aliita kutoka mbali, kwa sauti ile ile nyembamba lakini bila mzaha: "Niache, bwana wangu. Mimi nimezaliwa kuelea. Wewe rudi chomboni."

Nilisikia watu wakilia gizani, wanaume wazima. Baadaye, tulipokuwa tukinywa kahawa, nilimwambia yule mzee wa kamba kwamba katika filamu ya kweli mpira hausemi neno, na kwamba uchungu wake uko hapo hapo. Alinisikiliza kwa adabu, akageuza kikombe, akasema, "Wa baharini hawaagi, mwalimu. Huyu mmoja muache aage."

Kijiji kile kina makaburi machache kuliko wafu wake. Sikuwa na la kumjibu, ila hilo halikunifanya nione kwamba mpira unapaswa kusema. Lilinifanya nione kwamba tulikuwa tumetazama vitu viwili. Mimi niliyezoea chumba na kitabu naweza kumudu kimya cha filamu kwa sababu kwangu ni kimya cha kukodi, kinakwisha taa zikiwashwa. Wao kimya hicho wanacho nyumbani.

Jambo la namna hii halikuanza na filamu, na wasomaji wa kurasa kama hizi wamelishuhudia kwa namna yao. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, walioyapokea kwa furaha walikuwa zaidi wasomi wa vyuoni, na waliokasirika walikuwa washairi waliozoea mapokeo na kumbi za ughani. Mgogoro ule umeandikwa sana kama vita vya kanuni. Mimi huuona pia kama ugomvi juu ya kimya. Utenzi ukighaniwa hautakiwi kuwa na tundu. Kina kikifika, hadhira imeshakifikia kabla ya mghani, na kumkuta pale ni sehemu ya raha. Shairi huru linamwacha msikilizaji apite mwenyewe pasipo na kamba. Kuna anayeuita huo uhuru, na kuna anayeuliza kwa haki kabisa: kwa nini nimeachwa peke yangu?

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wahakiki waliiona dhaifu.

Shangazi yangu alikuwa ameketi mlangoni mwa banda, na sinia lake la kashata. Hakuwa akilipa kiingilio, na mwenye banda hakuwa akimdai. Mume wake wa kwanza alitoka na mashua kuelekea Pemba, mimi nikiwa bado shule ya msingi, pamoja na watu wengine wanne. Hapakuonekana mtu, hapakuonekana ubao. Akangoja. Mke wa mtu aliyepotea ana suala zito katika sheria, na mafakihi hawakubaliani: wako wasemao asubiri mpaka kifo cha mumewe kiwe na yakini, na katika madhehebu ya Maliki unajulikana muda wa miaka minne, kisha eda ya miezi minne na siku kumi. Shauri lake lilipelekwa kwa wakubwa, likaamuliwa kwa namna ambayo hakupenda kuieleza, na baada ya kupita mwaka wa tano akaolewa na mkulima wa minazi asiyepanda chombo hata cha kuvukia mto. Maneno yalisemwa. Mdogo wa marehemu, kama ni marehemu, hakumwamkia kwa miaka mingi. Na usiku ule alikuwa ndani ya banda, benchi la tatu.

Miaka minne! Mwandishi wa Marekani aliichagua, nadhani, kwa sababu inatosha kufuga ndevu na kumwozesha mchumba. Kwa watu wa banda lile ilikuwa muda wenye hukumu ndani yake.

Chuck aliporudi na ikajulikana kwamba Kelly ameolewa, minong'ono ilianza. Mmoja akasema kwa sauti kwamba wanawake wa Kizungu hawana subira. Mwingine akasema si wa Kizungu peke yao, na palipita kicheko kifupi ambacho kila mtu alijua kinaelekea wapi. Niligeuka mlangoni. Shangazi alikuwa akipanga kashata zilizokwisha kupangwa.

Halafu ikaja ile sehemu ya mvua. Chuck anakwenda nyumbani kwa Kelly usiku. Kelly anamkaribisha, anamtilia kahawa, anamwonyesha ramani ambayo juu yake amefuatilia ndege ilipopotea na kisiwa kilipokuwa. Kisha anampeleka gereji na kumrudishia gari lake, ambalo ameliweka miaka yote. Chuck anaondoka, Kelly anatoka mbio kwenye mvua akimwita, wanakumbatiana, wanakaa garini bila kuwasha, na mwishowe Chuck anamrudisha nyumbani kwake kwa sababu humo mna mtoto na mume. Ndiyo sehemu ambayo wengi waliona imerefushwa. Ni yenye maneno mengi kuliko saa nzima ya kisiwani. Msimulizi alikuwa na kila kitu alichokuwa amekikosa: mazungumzo, machozi, mapenzi, mvua.

Akanyamaza.

Alikishusha kipaza sauti mapajani. Kwa dakika kadhaa banda halikusikia ila Kiingereza cha chini chini, mvua ya Marekani na jenereta letu. Mtu mmoja akasema "simulia, bwana", hakujibiwa, hakurudia. Yule wa benchi la tatu alikuwa ametazama mbele na shingo yake imekakamaa. Na wale walionong'ona, kwa kukosa mtu wa kuwaambia wacheke wapi, walilazimika kumtazama usoni mwanamke yule, Helen Hunt, ambaye pale anaigiza vizuri kuliko alivyosifiwa: mtu ambaye amezika sanduku lisilo na maiti, akaanza kuishi, na sasa sanduku limebisha hodi.

Kwa hiyo naomba kutofautiana na Ebert, Mungu amrehemu, aliyetaka tusijue kama Chuck atapona. Kisiwa bila kurudi ni nusu ya kisa. Bahari hufanya ukiwa wa namna mbili, wa aliyekwenda na wa aliyebaki, na filamu nyingi za kisiwani zimeona mmoja tu kwa sababu ndio wenye papa na dhoruba. Sehemu ile "dhaifu" ndiyo ya mtu wa pili. Kasoro zake ninaziona: yule msanii wa Texas anayetokea mwishoni kwenye njia panda na gari lake na tabasamu lake ni riziki iliyoletwa kwa kasi mno. Lakini gereji yenye gari lililotunzwa ni picha ambayo ningeipa shairi zima.

Banda lilijadili kifurushi kuliko kitu kingine tulipotoka. Chuck alifungua vifurushi vyote vilivyoletwa na maji isipokuwa kimoja, chenye mabawa yaliyochorwa, na baada ya miaka minne akakipeleka kwa mwenyewe. Watazamaji wa Marekani waliteswa na swali la kilichokuwamo, na wahakiki wengine waliona ni ujanja wa mwandishi. Wavuvi hawakujali kilichokuwamo. Walibishana kama amana inabaki amana pale uhai unapokuwa hatarini, na kama ni hivyo, je, vile alivyovifungua alipaswa kuvilipa? Mmoja alisema ndiyo, hata mpira.

Shangazi alinyamaza njia nzima. Tulipofika uani, akitua sinia, alisema, "Yule mwanamke gari alikuwa kaliweka." Nikasema ndiyo, shangazi. "Na mafuta kalitilia?" Nikamwambia nadhani, kwa sababu liliwaka mara moja. Akatikisa kichwa, akaingia kulala.

Kesho yake nilimfuata msimulizi, alikuwa akirekebisha kanda kwa kalamu ya wino, na nikamuuliza kwa nini alinyamaza pale. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amevua viatu mlangoni. "Maneno yale yalikuwa na mwenyewe pale mlangoni, mwalimu," akasema. Kisha akacheka kidogo na kuongeza kwamba hata hivyo Kiingereza cha kwenye mvua hakukishika vizuri, na akaniomba nimweleze Kelly alisema nini hasa. Nikaketi kwenye gogo nikamweleza, sentensi moja baada ya nyingine, na yeye akisikiliza huku kidole chake kikiendelea kuzungusha kanda taratibu.